Miguu ya Kiti

Kutaisi, mwezi wa pili. Theluji imegeuka tope.
Jiko la kuni linakohoa pembeni mwa darasa
na mwalimu Nanuli, skafu mbili shingoni,
anaandika ubaoni neno moja: ISHARA.
Analipigia mstari chini
kana kwamba bila mstari lingeporomoka.

Tumefika sura ya tisa.
Meya Silovani, tuliyemjua akiuza misumari kwa ratili,
akiwasalimu watu kabla hawajamsalimu,
sasa anamwita seremala usiku.
"Kiti hiki," anasema, "kiongeze kidole kimoja."
Kidole tu. Nani atanung'unikia kidole?
Mwaka uliofuata, kidole. Mwaka wa daraja jipya, vitatu.
Mwaka ambao mto ulilibeba daraja, vinne,
maana siku hizo hasa ndipo alipotaka kuonekana.

Mwandishi hasemi popote kwamba ana kiburi.
Neno hilo nimelitafuta kitabu kizima, halimo.
Anasema tu kwamba ililetwa ngazi.
Anasema wageni walianza kuziona soksi za meya
kabla ya uso wake,
na soksi ya kushoto ilikuwa na tundu.

Sandro, mkono juu: "Kiti ni uchu wa madaraka."
Ketino: "Hapana, ni upweke. Huko juu hana wa kumnong'oneza."
Chaki inalia ubaoni.
Na Mindia, ambaye hajafungua kitabu tangu Krismasi,
anatunga papo hapo, akigonga dawati:

    Silovani peke yake,
    juu, juu kiti chake,
    hafikii meza yake,
    na kalamu yadondoka.

Tunacheka. Mwalimu naye, ndani ya skafu.

Kisha anatusomea ukurasa wenyewe.
Kiti kilikuwa cha meya, meza ilikuwa ya mji,
kwa hiyo meza ilibaki palepale.
Kila hati ikiletwa, Silovani anajikunja,
tumbo linabanwa, uso unaiva,
mkono unashuka kama ndoo kisimani
kuitafuta karatasi.
Na huko uwanjani, watu wanaopita dirishani
wanamwona akiinama, akiinama asubuhi nzima.
Wanavua kofia.
"Tazama," wanaambiana, "alivyo mnyenyekevu."

Mwalimu anafunga kitabu juu ya kidole chake.
Anangoja. Tunajua anangoja nini,
na wengine tumeshafungua madaftari kuliandika.

Ndipo Nutsa, wa dawati la nyuma, asiyesemaga:
"Mwalimu, seremala alilipwa?"

Jiko likakohoa.

"Baba yangu ni seremala. Mguu ulioungwa mara saba
haumbebi mtu mzima. Huyu alijua.
Alijua mwaka wa kwanza. Alijua mwaka wa nne.
Akapaka gundi, akafunga kamba, akaenda zake kula.
Mbona tunavihesabu vidole vya meya tu?"

Tukarudi nyuma, kurasa zikivuma kama njiwa.
Seremala yumo katika kurasa kumi na moja.
Ana kikohozi. Ana penseli sikioni.
Jina hana.

Mwalimu alisimama na chaki hewani
mpaka kengele ikalia, na ubaoni
mbele ya neno ISHARA palibaki nukta moja nyeupe
pale alipoigusa mbao, akaghairi.

Jioni ile nilirudi kuchukua glavu.
Baba yake Nutsa alikuwa ndani, amepiga magoti,
kiti cha mwalimu amekipindua miguu juu.
Hakuuliza tunasoma kitabu gani.
Alibonyeza kila mguu kwa dole gumba
kama daktari anayetafuta panapouma.
Kiti kilikuwa kinayumba tangu vuli;
tulikiwekea karatasi iliyokunjwa mara nne.
Aliitoa, akaitia mfukoni.
Nilidhani ataufuata mguu mfupi, auongeze.
Akachukua msumeno,
akaikata ile mingine mitatu.